Mnyama wa baharini na mnyama wa nchi kavu: mbona Wakristo hatukubaliani ni nani?

Mleta mada (Kongowea)

Salamu kwenu nyote, ndugu na dada zangu.

Jumatano iliyopita, katika darasa letu la Biblia hapa Kongowea, tulifika Danieli sura ya 7. Kabla sijamaliza kusoma aya ya tano, bibi mmoja mwenyeji wa Rabai aliinua mkono akauliza dubu ni mnyama gani. Simba anamjua, na chui anamjua vizuri zaidi kwa sababu babake alipotezewa mbuzi na chui, lakini dubu hajapata kumwona hata kwa picha. Nilimweleza kwamba ni mnyama mzito, mwenye manyoya mengi, wa nchi za baridi, na kwamba akitaka huweza kusimama kwa miguu miwili kama mtu. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi huyo Danieli aliota wanyama wa kwao." Neno hilo limenikaa kichwani wiki nzima, na ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu juu ya wanyama wa Danieli na wale wawili wa Ufunuo 13.

Kwanza tuseme kile ambacho Biblia yenyewe imekitaja kwa jina, maana ni kidogo kuliko tunavyodhani. Katika sura ya 8, kondoo dume mwenye pembe mbili anaelezwa waziwazi kuwa ni wafalme wa Umedi na Uajemi, na mbuzi dume anayemgonga ni mfalme wa Uyunani. Hapo hakuna ubishi. Lakini katika sura ya 7 Danieli anaambiwa tu kwamba wanyama wanne ni wafalme wanne. Simba mwenye mabawa ya tai, dubu aliyeinuliwa upande mmoja akiwa na mbavu tatu mdomoni, chui mwenye mabawa manne na vichwa vinne, na yule wa nne asiyefanana na mnyama yeyote, mwenye meno ya chuma na pembe kumi, hawakupewa majina. Wanapanda kutoka bahari inayovurugwa na pepo nne za mbinguni kwa pamoja, na sisi tunaojua kusi na kaskazi tunajua kwamba bahari inayopigwa na pepo nne kwa wakati mmoja si bahari ya kusafiria.

Ugomvi wote umeanzia kwa huyo wa nne. Hesabu waliyoipokea wengi makanisani ni Babeli, Wamedi pamoja na Waajemi, Wayunani, kisha Rumi. Hesabu ya pili huwatenganisha Wamedi na Waajemi, ili Uyunani uwe wa nne, na pembe ndogo yenye macho ya mtu na kinywa cha majivuno iwe Antioko Epifane, mfalme aliyelinajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 kabla ya Kristo. Porfirio, mwanafalsafa wa karne ya tatu aliyekuwa mpinzani mkali wa Ukristo, aliisoma pembe hiyo kuwa ni Antioko, na ndiyo maana wengine huiita fasiri hiyo ya makafiri. Jeromu, mwanazuoni wa kanisa la kale, alimjibu katika ufafanuzi wake wa Danieli wa mwaka 407. Hata hivyo, katika Biblia ya kale ya Kisiria, iliyosomwa na Wakristo waliokuwa jirani kabisa na nchi ya Danieli, yamo maelezo mafupi ndani ya sura hiyo yanayoupa ufalme wa nne Wayunani. Kwa hiyo jambo hili ni la kale, na lilikuwa ndani ya nyumba.

Sasa nije kwa Yohana. Pale darasani nilichukua kalenda kuukuu, nikaigeuza nyuma, nikawaambia tuwahesabu wanyama wa Danieli vichwa vyao. Simba kichwa kimoja, dubu kimoja, chui vinne, yule wa kutisha kimoja. Jumla saba. Pembe ni kumi, zote za yule wa nne. Kisha tukafungua Ufunuo 13, na mnyama anayetoka baharini ana vichwa saba na pembe kumi, mwili wa chui, miguu ya dubu na kinywa cha simba. Yohana amewachukua wanyama wanne wa Danieli akawafanya mmoja, tena amewataja kinyumenyume, kama mtu anayeitazama njia ileile akiwa amesimama upande wake wa mwisho.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Ikiwa Yohana mwenyewe aliwachukua wanyama wa Danieli akamvika nguo zao mtawala wa wakati wake, basi mnyama ni vazi ambalo zaidi ya ufalme mmoja waweza kulivaa. Lakini lazima awepo aliyelivaa wa kwanza machoni pa wale walioandikiwa, yaani makanisa saba ya jimbo la Kirumi la Asia, katika Uturuki ya leo. Hilo halikuwa geni. Kitabu cha Ezra wa Nne, kilichoandikwa na Myahudi mwishoni mwa karne ya kwanza, baada ya Yerusalemu kuteketezwa mwaka 70, kinamwonyesha tai akitoka baharini, na mwonaji anaambiwa kwamba huyo ndiye ufalme wa nne aliouona ndugu yake Danieli, ila Danieli hakufasiriwa kama anavyofasiriwa yeye. Tai ni Rumi, na mwandishi amekiri wazi kwamba anaipa njozi ya zamani maana mpya.

Kwa mtu wa Efeso au Smirna, liwali wa Kirumi aliingia kwa merikebu. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa maana ya mnyama anayetoka baharini: Wareno walitoka huko wakauchoma mji huu mwaka 1505, na mwaka 1593 wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu. Mnyama wa pili, mwenye pembe mbili kama mwana-kondoo naye akinena kama joka, anatoka katika nchi, na kazi yake ni kuwafanya watu wamsujudie yule wa kwanza. Katika jimbo la Asia wenyeji wenyewe, wakuu wa miji, ndio walioomba ruhusa ya kumjengea Kaisari Augusto na mungu wa kike Roma hekalu kule Pergamo, mwaka 29 kabla ya Kristo. Huyo ndiye mnyama wa nchi kavu: mtu wa kwenu anayekuhimiza umpigie magoti aliyekuja kwa merikebu.

Na ile hesabu ya mia sita sitini na sita, Yohana aliwaambia wenye akili waihesabu. Katika Kiebrania kila herufi ni tarakimu pia, na jina Neroni Kaisari likiandikwa kwa herufi hizo hutoa 50, 200, 6, 50, 100, 60 na 200. Jumlisheni wenyewe. Nakala chache za kale zina 616 badala ya 666, na ukilitamka jina hilo kwa namna ya Kilatini, Nero bila ile nuni ya mwisho, unapunguza 50 na kupata 616 hasa. Nero alijiua mwaka 68, na kwa miaka mingi ukaenea uvumi kwamba hakufa, au kwamba atarudi kutoka mashariki. Wakajitokeza hata wadanganyifu waliojiita Nero. Lile jeraha la mauti lililopona, ambalo Ufunuo 13 unasema lilikuwa katika kichwa kimoja cha mnyama, halihitaji maelezo marefu baada ya hapo.

Najua wengi humu hawatakubaliana nami. Karibuni, kwa adabu.

Mchangiaji, Msabato wa Changamwe

Mwalimu, nakushukuru kwa ile hesabu ya vichwa. Nimekuwa nikifundisha Shule ya Sabato kwa miaka mingi na sijawahi kuiweka hivyo. Lakini kwa heshima zote, umemzika mnyama kaburini pamoja na Nero, na Ufunuo ukaufanya gazeti la juzi.

Danieli anaona historia ikienda mfululizo bila pengo, kutoka Babeli hadi baraza la hukumu la mbinguni. Baada ya Rumi kugawanyika, pembe ndogo, ambayo sisi twasema ni upapa, inang'oa pembe tatu na kutawala kwa wakati, nyakati mbili na nusu wakati, yaani miaka mitatu na nusu. Ufunuo unautaja muda huohuo kuwa miezi 42 na siku 1,260. Kwa kanuni ya siku kwa mwaka, inayopatikana katika Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6, siku hizo ni miaka, na miaka 1,260 kuanzia 538 inafikia 1798. Februari ya mwaka huo Jenerali Berthier wa Ufaransa aliingia Roma, na Papa Pio wa Sita akachukuliwa mateka. Alifia uhamishoni mwaka uliofuata. Hilo ndilo jeraha, na kila mtu anaona kwamba limepona.

Tena watu wasidhani kwamba fasiri hii imezuliwa na Wasabato. Luther aliuona upapa hapo, na Ungamo la Imani la Westminster lililotungwa mwaka 1646 liliandika waziwazi kwamba papa ndiye mpinga Kristo. Sisi tuliongeza mnyama wa pili. Mwaka 1851 J. N. Andrews alifundisha kwamba mnyama anayepanda kutoka katika nchi, na si kutoka katika maji ambayo Ufunuo 17 unasema ni jamaa na makutano, ni Marekani: taifa lililoinuka mahali pasipo na falme zile za zamani, lenye upole wa mwana-kondoo kwa kuwa halikuwa na mfalme wala papa, ambalo siku moja litanena kama joka. Mwaka 1851, mwalimu! Marekani haikuwa na ukubwa wowote wa kumtisha mtu duniani.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Changamwe, hoja ya 1851 ni nzito kuliko watu wanavyoipa, nami siidharau. Ninakokwama ni 538. Pembe tatu mnazosema ziling'olewa ni makabila ya kale ya Waheruli, Wavandali na Waostrogothi, na mwaka 538 ndio Waostrogothi walipoacha kuizingira Roma. Lakini hawakuisha, mfalme wao Totila aliiteka Roma mwaka 546, na vita viliendelea hadi miaka ya 550. Pembe iliyong'olewa haichipui tena baada ya miaka minane.

Vilevile ninyi wenyewe mmewahi kushindana juu ya pembe hizi. Katika mkutano mkuu wa Minneapolis wa mwaka 1888, Uriah Smith alisema kabila la kale la Wahuni (Huns) limo katika zile kumi, naye A. T. Jones akasema hapana, ni kabila la Waalemani. Silitaji hilo kwa kukucheka. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba anayezitafuta pembe kumi katika vitabu vya historia huzipata, ila kila mtu na zake.

(Pembeni kidogo: Oktoba ya 1844, wafuasi wa William Miller walipokuwa wakikesha Marekani wakimngoja Bwana, mmisionari Krapf alikuwa hapahapa Mombasa, mjane aliyemzika mkewe na mtoto miezi michache kabla, akiwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kila nikipita Nyali, kwenye kaburi la mkewe, nawaza mambo mawili hayo kwa pamoja.)

Mchangiaji, dada wa Likoni

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mpentekoste, na najua mnatuona kwamba sisi kila kukicha tuna mnyama mpya. Naomba nijibu taratibu.

Umesema waliosoma kwanza walielewa ni Nero. Basi nieleze kuhusu Ireneo. Huyu alimsikiliza Polikapo, na Polikapo alikuwa askofu wa Smirna, mojawapo ya yale makanisa saba. Yapata mwaka 180 aliandika juu ya hesabu hii. Aliijua 616 na akaikataa. Akapendekeza majina kama Lateinos na Teitan, akasema ni afadhali kungoja unabii utimie kuliko kubahatisha jina. Nero hakumtaja hata mara moja, na mpinga Kristo kwake alikuwa mtu anayekuja. Kama makanisa ya Asia yalijua jibu, lilipotelea wapi katika muda wa mtu mmoja kumfundisha mwingine?

La pili, Ufunuo 19 unasema mnyama atakamatwa vitani Bwana arudipo, na kutupwa akiwa hai katika ziwa la moto. Nero alijichoma kisu shambani. La tatu, hakuna Kaisari aliyeweza kumzuia kila mtu, mdogo kwa mkubwa, asinunue wala asiuze. Ndiyo maana sisi twasema huyo bado; atakuja katika ile dhiki kuu, baada ya unyakuo wa kanisa, yaani waamini kuchukuliwa mbinguni, na pembe kumi ni wafalme kumi watakaompa nguvu zao.

Mleta mada

Marahaba, dada yangu. Hoja ya Ireneo ndiyo jiwe lililo katika kiatu changu, nami sitajifanya sioni. Ninaweza kusema kwamba Ireneo alihesabu kwa herufi za Kiyunani, ambazo hazimpi Nero, na kwamba Kiebrania cha Yohana huenda hakikumfikia. Lakini hilo ni jibu la mtu anayejitetea. Nakubali: aidha ufahamu huo ulipotea mapema sana, au haukuwahi kuenea kama nilivyosema.

Kuhusu kununua na kuuza, neno la Kiyunani lililotafsiriwa "chapa" au "alama" lilitumika kwa mihuri ya Kaisari kwenye hati na kwa sura iliyopigwa kwenye sarafu, kwa hiyo mtu wa Pergamo alilishika mkononi kila alipokwenda sokoni. Na kwenye paji la uso na mkono ndipo Kumbukumbu la Torati 6 ilipowaambia Waisraeli wayafunge maneno ya Mungu. Tena aya chache tu mbele, mwanzoni mwa Ufunuo 14, watu wa Mwana-Kondoo nao wana jina kwenye vipaji vya nyuso. Hakuna anayesema kwamba hilo la pili ni kifaa kilichopachikwa chini ya ngozi. Mwaka 2019, usajili wa Huduma Namba, namba ya utambulisho ya serikali ya Kenya, ulipoanza, kulikuwa na watu waliokataa kuandikishwa wakisema ni hesabu ya mnyama. Mimi nilikuwa na mashaka yangu juu ya usajili ule, lakini yalikuwa ya kiraia, hayakutoka Ufunuo.

Nako kungoja pembe kumi kuna hatari zake. Fasiri hii ya unyakuo kwanza, iliyofundishwa na John Nelson Darby kuanzia miaka ya 1830 na kuenezwa na Biblia ya Scofield ya mwaka 1909, iliwafanya wengi waitazame jumuiya ya Ulaya iliyoasisiwa kwa Mkataba wa Roma wa 1957. Ugiriki ilipoingia mwaka 1981 ikawa ya kumi, na walimu wengi wakatangaza kwamba pembe zimetimia. Mwaka 1986 Uhispania na Ureno zikaingia. Pembe kumi na mbili.

Mchangiaji, Mkatoliki wa Makupa

Nimesoma kimya hadi hapa, nikiwa natajwa kuwa mnyama na ndugu zangu wa Changamwe, na sina kinyongo, tumezoea. Naomba niongeze mambo mawili.

Fasiri ya kumngoja mpinga Kristo wa baadaye, ambayo leo inahubiriwa katika mahema ya Kipentekoste, ilipewa nguvu mpya karne ya 16 na Mjesuiti (mtawa wa shirika la Kikatoliki) wa Uhispania, Francisco Ribera, katika ufafanuzi wake wa miaka ya 1590. Na ile ya mwalimu, kwamba mengi yalitimia zamani, iliandikwa kwa urefu na Mjesuiti mwingine, Luis de Alcázar, kitabu chake kikatoka mwaka 1614. Kwa hiyo dada wa Likoni na mwalimu wa Kongowea wote wawili wamekunywa kisima chetu.

La pili ni kubwa zaidi. Luther, Waturuki walipoizingira Vienna mwaka 1529, alisema ile pembe ndogo ya Danieli ni Uislamu. Sasa mimi naishi Makupa. Mlango wangu na wa jirani yangu Mwislamu vinatazamana, na mtoto wake alilelewa mgongoni kwa mke wangu. Mtu akija na chati yake kunionyesha kwamba jirani yangu ni pembe, nitamwambia kwamba Luther aliandika akiisikia mizinga ya Waturuki, na mizinga ndiyo iliyomfasiria. Afadhali Augustino, mwalimu wa kanisa la kale, ambaye katika kitabu chake Mji wa Mungu alisema mnyama ni ule mji usiomcha Mungu, na kwamba umo hata ndani ya wale wanaojiita waamini kwa jina tu. Kwa fasiri hiyo siwezi kumnyoshea mtu kidole kabla sijajikagua.

Mchangiaji, Msabato wa Changamwe

Ndugu wa Makupa, nimekusikia, na pale niliposema upapa nilisema mfumo, si wewe wala padri wako. Lakini nina swali kwa Augustino wako. Mnyama akiwa kila ubaya wa kila wakati, kwa nini roho ya unabii ijisumbue kutupa miezi 42 na vichwa saba ambavyo vitano vimeanguka, mmoja yupo na mmoja bado? Nambari hizo ziliwekwa ili zihesabiwe. Mtu akizifanya zote kuwa mfano tu, hawezi kukosea kamwe, na fasiri isiyoweza kukosea mimi huishuku.

Mleta mada

Hapo ndugu wa Changamwe umesema jambo ambalo nimelitafuta maneno kwa muda mrefu. Nami naliongezea la upande wa pili: mwenye tarehe anaweza kukosea, na hapa pwani tumeona gharama yake. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, ya watu waliofundishwa kwamba mwisho umefika. Ndiyo maana nasisitiza tuanze na wale walioandikiwa barua, hata kama hoja ya dada wa Likoni imenitikisa.

Kuna jambo moja la lugha ambalo nilitaka kulisema tangu mwanzo. Kiswahili chetu kinasema "mnyama" kwa huyu wa sura ya 13, na mbuzi wa bibi wa Rabai naye ni mnyama. Neno la Yohana ni la mnyama wa mwituni anayerarua, hayawani. Wale wanne walio karibu na kiti cha enzi katika sura ya 4, mmoja mfano wa simba, wameitwa kwa neno jingine kabisa, na watafsiri wetu walifanya vyema kuwaita "wenye uhai". Simba yuko pande zote mbili za kitabu: kwenye kinywa cha mnyama, na kwenye kiti cha enzi, ambako mzee mmoja anamtangaza Simba wa kabila la Yuda, naye Yohana akigeuka kutazama anamwona Mwana-Kondoo aliyechinjwa. Sisi tunamwinda hayawani tu, na huyo wa pili tunampita.

Jumatano hii tunaingia sura ya 8. Bibi ameniambia yuko tayari, maana kondoo na mbuzi anawajua.

Mchangiaji, Msabato wa Changamwe

Mwalimu, kama mtanikaribisha, nitakuja Jumatano na ile chati yangu ya kitambaa ninayoitumia kwenye makambi. Pembe tatu sitazifungua, nakuahidi. Ila dubu amechorwa humo, ameinuliwa upande mmoja na mbavu zake mdomoni, bibi apate kumwona.